Chuja, kichujio na mnyororo wa masharti: matumizi katika kanzidata

chuja *kt* [ele] na [sie]
Mnyumbuliko: chujia, chujika, chujisha, chujwa.
Nomino: chujio/machujio [li-/ya-], kichujio/vichujio [ki-/vi-], mchujo/michujo [u-/i-], uchujaji [u-].

1. Pitisha kiowevu katika kitambaa, kifumbu au kifaa chenye matundu madogo ili kutenganisha majimaji na masalia: *Mpishi anachuja tui.*
2. Punguza idadi ya watu au vitu kwa kuondoa visivyofikia vigezo: *Kamati imechuja majina ya waombaji.*
3. [sie] Pungua rangi, ubora au umaarufu: *Kanga hii imechuja. Msanii yule amechuja siku hizi.*
4. (komp.) Toa katika jedwali rekodi zile tu zinazotimiza sharti lililowekwa: *Chuja malori kwa nchi ya usajili.*

Makala hii inahusu maana ya nne na matatizo yanayoizunguka pale masharti kadhaa yanapounganishwa kimoja baada ya kingine, yaani vichujio vya mnyororo. Mifano imejengwa juu ya programu ya wavuti ya kufikirika inayoorodhesha malori katika mpaka wa Tunduma, mkoani Songwe. Mji huo unafaa kwa mfano wa namna hii. Barabara kuu ya TANZAM na reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 huvukia hapo kuingia Zambia. Shaba ya Zambia na ya Kongo huteremka kuelekea bandari ya Dar es Salaam, na mafuta, mbolea na bidhaa nyingine hupanda. Ng'ambo ya pili ni mji wa Nakonde, na tangu 2019 nchi hizi mbili zina kituo cha pamoja cha huduma za mpakani. Mahali penye foleni ya malori, orodha iliyochujwa vibaya haiishii katika skrini: kuna dereva na utingo wake watakaolala njiani, au shehena itakayopita bila kuonwa.

Kinachobaki na kinachoondoka

Tatizo la kwanza limo katika kitenzi chenyewe. Yambwa ya *chuja* inaweza kuwa kitu kinachobaki au kitu kinachoondolewa. Mpishi *anachuja tui*, na tui ndilo analolitaka. Mpishi huyohuyo *anachuja machicha*, na machicha ndiyo anayoyatupa. Jikoni hakuna anayekosea, kwa sababu kila mtu anajua kipi kitaingia chunguni.

Katika maana ya pili uzito umehamia upande wa kuondoa. Mtu *aliyechujwa* katika usaili au katika kura za maoni ni mtu aliyekosa nafasi, na *mchujo* ni hatua ya kupunguza washindani. Katika maana ya nne uzito unarudi upande wa kubakiza: rekodi *zilizochujwa* ni zile zilizotimiza sharti na kuonyeshwa.

Afisa akikuta kwenye skrini kichwa kinachosomeka *Malori yaliyochujwa: 14*, ana haki ya kukisoma kwa namna mbili. Ikiwa sharti lilikuwa kukamilika kwa nyaraka, basi malori hayo 14 ama yako tayari kuruhusiwa ama yamekataliwa. Kichwa kimoja kinabeba maana mbili zinazopingana, na mfasiri aliyekiandika hakufanya kosa lolote la kisarufi.

Inapendekezwa kwamba umbo la kutendwa *-liochujwa* liepukwe kabisa katika kiolesura. Badala yake itumike moja ya kauli hizi:

- *Malori yanayotimiza masharti: 14*, kwa rekodi zinazobaki.
- *Malori yaliyoondolewa: 14*, kwa rekodi zisizoonyeshwa.
- *Chuja kwa…* juu ya kitufe, ikifuatwa na jina la kigezo: *Chuja kwa tarehe, Chuja kwa nchi.* Kihusishi *kwa* kinaonyesha kuwa kinachofuata ni kigezo, wala si kitu kinachobaki au kinachotupwa.

Vitenzi jirani visichanganywe na *chuja*. *Chekecha* ni kupitisha unga katika chekeche, *pepeta* ni kuondoa makapi kwa ungo, na *chambua* ni kupekua punje moja moja kwa mkono. Katika uwanja wa data, *chambua* imeshika maana ya kuchunguza na kufasiri, kama katika *uchambuzi wa data*, kwa hiyo haifai kusimama badala ya *chuja*. Neno *filta* limezoeleka zaidi kwa mafundi magari (*filta ya oili*), na katika kompyuta *kichujio* linatosha.

Kichujio katika kanzidata

Msingi wa kanzidata za majedwali uliwekwa na Edgar F. Codd, mwanahisabati Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM, katika makala yake ya mwaka 1970. Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa kampuni hiyohiyo, walichapisha mwaka 1974 lugha ya kuuliza majedwali hayo, ambayo leo inajulikana kwa jina la SQL. Katika lugha hiyo anayeuliza hutaja nyuga anazozitaka, kisha jedwali, kisha sharti. Sentensi nzima huandikwa kwa pamoja.

Programu za wavuti za baadaye zilileta namna nyingine. Django, mfumo ulioandikwa kwa lugha ya Python na kutolewa kwa umma mwaka 2005, ni mmoja wa mifumo mingi inayomruhusu mwanaprogramu kuanza na jedwali zima, kisha kuliongezea sharti moja baada ya jingine. Kila sharti linapokea seti ya rekodi na kurudisha seti nyingine ya aina ileile, ambayo nayo inaweza kupokea sharti jingine. Hilo ndilo linaloitwa hapa kichujio cha mnyororo. Manufaa yake yanaonekana katika ukurasa wenye visanduku vingi vya kuchagua: mtumiaji akijaza kisanduku cha tarehe, pete moja inaongezwa kwenye mnyororo, na akiacha kisanduku cha nchi kikiwa wazi, pete hiyo haiongezwi. Mwanaprogramu halazimiki kuandika sentensi mpya ya SQL kwa kila mchanganyiko wa visanduku.

Mnyororo kama kirai nomino

Kirai nomino cha Kiswahili huanza na neno kuu, na vitegemezi vikafuata. Mnyororo wa vichujio nao huanza na jedwali, na masharti yakafuata. Kwa sababu hiyo, mwanaprogramu anayeyapa masharti yake majina ya Kiswahili hupata msimbo unaosomeka kama lugha ya kawaida:

`malori.yaliyosajiliwa_zambia().yaliyofika_leo().yenye_shaba()`

Nukta na mabano yakiondolewa, kinachobaki ni kirai nomino sahihi: *malori yaliyosajiliwa Zambia, yaliyofika leo, yenye shaba.* Lugha ambazo huweka sifa kabla ya nomino hazina ulinganifu huu.

Ulinganifu unakwenda mbali zaidi. Mtu akisema *malori yaliyosajiliwa Zambia yaliyofika leo* kisha akanyamaza, msikilizaji hana la kufanya, anasubiri kiarifu. *Ni mangapi? Yapo? Ni yapi?* Kanzidata nayo husubiri. Katika Django na mifumo inayofanana nayo, kuunda mnyororo hakupeleki ulizo lolote kwenye kanzidata. Ulizo hupelekwa pale tu matokeo yanapohitajiwa: yanapohesabiwa (*ni mangapi?*), yanapoulizwa kuwapo kwake (*yapo?*) au yanapoorodheshwa (*ni yapi?*). Walimu wanaofundisha dhana hii wanaweza kuieleza hivi: mnyororo ni kirai, na sentensi hukamilika pale kiarifu kinapotajwa. Wanafunzi wanaodhani kwamba kila pete ya mnyororo ni safari moja ya kwenda kwenye kanzidata huacha dhana hiyo mara moja wanapoona kwamba kirai chenye virejeshi vitano bado ni kirai kimoja.

Majina ya masharti yenye viambishi vya ngeli yana kasoro moja. Sharti liitwalo `yaliyofika_leo` linapatana na malori, lakini likitumiwa kwenye jedwali la madereva linazaa *madereva yaliyofika leo*, jambo lisilokubalika. Sharti litakalotumika kwenye majedwali mengi lipewe jina lisilo na upatanisho, na hapa *kwa* inafaa tena: `malori.kwa_tarehe(leo)`, `madereva.kwa_tarehe(leo)`, `vibali.kwa_tarehe(leo)`. Majina ya kirejeshi yahifadhiwe kwa masharti ya jedwali moja tu.

Upatanisho: sharti linamhusu nani?

Kiswahili kina kifaa ambacho lugha nyingi hazina. Kiambishi rejeshi huonyesha nomino inayoelezwa:

- *lori lenye mzigo lililokaguliwa*: lori ndilo lililokaguliwa.
- *lori lenye mzigo uliokaguliwa*: mzigo ndio uliokaguliwa.

Sauti chache zinatenganisha maulizo mawili tofauti. La kwanza linatazama uga wa ukaguzi katika jedwali la malori, na la pili linavuka hadi jedwali la mizigo. Mfasiri wa mahitaji ya mtumiaji asiyeangalia kiambishi hicho humpa mwanaprogramu kazi isiyo yake.

Kifaa hiki hushindwa pale nomino mbili zinapokuwa katika ngeli moja. *Malori yenye makontena yaliyokaguliwa* haielezi kama yaliyokaguliwa ni malori au makontena, kwa kuwa zote mbili ni za [li-/ya-]. Utata huondolewa kwa kubadili mpangilio, *malori yaliyokaguliwa yenye makontena*, au kwa kutumia *amba-* pamoja na kimilikishi, *malori ambayo makontena yake yamekaguliwa.*

Utata mkubwa zaidi hutokea lori moja linapokuwa na mizigo mingi. Sentensi mbili zifuatazo zinakaribiana sana:

a) *malori yenye mzigo wa shaba uliokaguliwa*
b) *malori yenye mzigo wa shaba na yenye mzigo uliokaguliwa*

Katika (a) mzigo mmoja lazima utimize masharti yote mawili: uwe wa shaba, na uwe umekaguliwa. Katika (b) lori linakubalika hata kama shaba yake haijaguswa, mradi tu kuna mzigo mwingine ndani yake uliokaguliwa. Django hutofautisha hali hizi kwa namna inayowapotosha wengi: masharti mawili yakiwekwa ndani ya kichujio kimoja, husomwa kama (a), yakiwekwa katika vichujio viwili vinavyofuatana juu ya jedwali lenye uhusiano wa mmoja kwa wengi, husomwa kama (b). Mwanaprogramu aliyekusudia (a) akaandika (b) hataonyeshwa kosa lolote. Orodha itatoka, itaonekana nzuri, na ndani yake litakuwamo lori ambalo shaba yake haijaonwa na mtu.

Aidha, katika hali ya (b) lori lenye mizigo mitatu iliyokaguliwa linaweza kuorodheshwa mara tatu. Sharti la kuzuia marudio liandikwe katika maelezo kwa maneno *kila lori mara moja*, wala si *malori tofauti*, kwa kuwa *tofauti* inaweza kueleweka kuwa ni malori yasiyofanana.

Na, au, na kihusishi -a

Katika mazungumzo, kiunganishi *na* hujumlisha vitu. Anayeomba *malori ya Zambia na Kongo* anataka orodha yenye malori ya nchi zote mbili. Katika mantiki ya vichujio, *NA* hujumlisha masharti juu ya rekodi ileile. Lori lenye nchi ya usajili iliyo Zambia *NA* ambayo ni Kongo halipo duniani, kwa hiyo jibu la kanzidata ni sifuri. Sifuri hiyo ni hatari kuliko ujumbe wa kosa, maana ofisini husomwa kama habari njema: *leo hakuna lori linalosubiri.*

Kanuni ya kufuata ni hii: *na* inayounganisha nomino mbili za aina moja hufasiriwa kimantiki kuwa AU, na *na* inayounganisha virejeshi viwili hufasiriwa kuwa NA. *Malori yaliyosajiliwa Zambia au Kongo, na yaliyofika leo* ni maandishi yasiyo na shaka. Mnyororo wenyewe kwa kawaida ni NA tupu: kila pete inapunguza, hakuna inayoongeza. Kwa hiyo *AU* haiwezi kuletwa kwa kuongeza pete. Lazima iandikwe ndani ya pete moja.

Kihusishi *-a* nacho kina mzigo wake. *Malori ya Zambia* yanaweza kuwa yaliyosajiliwa Zambia, yanayotoka Zambia, au yanayokwenda Zambia. Lori lenye namba ya Tanzania likirudi Dar es Salaam na shaba linatoka Zambia bila kuwa la Zambia. Katika maelezo ya programu, *-a* ibadilishwe kwa kitenzi: *yaliyosajiliwa, yanayotoka, yanayokwenda.*

Ukanushi: -si-, -ja-, -ku-

Hapa ndipo Kiswahili kinapomsaidia mwanaprogramu, ikiwa atakisikiliza. Kirejeshi cha ukanushi *yasiyokaguliwa* hakina alama ya wakati. Ndani yake zimo maana tatu ambazo *amba-* huzitenganisha:

- *ambayo hayajakaguliwa*: bado, ukaguzi unangojwa.
- *ambayo hayakukaguliwa*: wakati umepita na ukaguzi haukufanyika.
- *ambayo hayakaguliwi*: kwa kanuni, hayahusiki na ukaguzi.

Uga wa ukaguzi katika jedwali unaweza kuwa na NDIYO, HAPANA, au kuwa mtupu. Uga mtupu maana yake ni kwamba thamani haijawekwa. Katika SQL, ulinganisho wowote na uga mtupu hautoi *kweli* wala *si kweli*, bali hali ya tatu, *haijulikani*, na kichujio hupitisha rekodi ambazo sharti lake ni *kweli* peke yake. Hivyo anayeandika sharti *ukaguzi si sawa na NDIYO* atapata zenye HAPANA tu. Malori yaliyofika alfajiri, ambayo hakuna aliyeyajazia chochote, hayatatokea. Nayo ndiyo hasa aliyoyataka afisa aliyesema *nitolee ambayo hayajakaguliwa.*

Mofimu *-ja-* inaeleza uga mtupu kwa usahihi, na *-ku-* inaeleza HAPANA. Mfasiri akipokea maelezo yenye *yasiyokaguliwa* na aulize mwandishi wake: *hayajakaguliwa* au *hayakukaguliwa*? Swali hilo moja linatosha kuokoa siku nzima ya kutafuta kosa katika msimbo.

Upeo wa ukanushi pia uangaliwe. *Malori yote hayajakaguliwa* huweza kumaanisha kuwa hakuna hata moja lililokaguliwa, au kuwa baadhi tu ndiyo yaliyokaguliwa. Kwa maana ya kwanza iandikwe *hakuna lori lililokaguliwa*. Kwa maana ya pili, *si malori yote yaliyokaguliwa.*

Mpangilio wa pete

Masharti ya NA yanaweza kubadilishana nafasi bila kubadili jibu: waliofika leo kati ya waliosajiliwa Zambia ni walewale waliosajiliwa Zambia kati ya waliofika leo. Kikomo cha idadi hakina uhuru huo, na hapa sarufi na msimbo vinaachana. Katika Kiswahili namba hutangulia kirejeshi: *malori kumi ya kwanza yaliyobeba shaba.* Sentensi hiyo ina tafsiri mbili: katika foleni yote yachukuliwe kumi ya mwanzo, kisha yatazamwe yepi yana shaba, au kati ya yenye shaba yachukuliwe kumi ya mwanzo. Kwa tafsiri ya kwanza jibu linaweza kuwa malori mawili. Kwa ya pili ni kumi, ikiwa yapo.

Katika mnyororo, kikomo huwekwa mwisho. Django hukataa kabisa kuongezwa kichujio baada ya kikomo kuwekwa, na kukataa huko kunamlinda mwandishi. Anayefuata mpangilio wa sentensi ya Kiswahili neno kwa neno ataweka kikomo mapema mno. Maelezo yaandikwe hivi: *Kati ya malori yaliyobeba shaba, onyesha kumi yaliyotangulia kufika.* Maneno *kati ya* yanafunga masharti, na *onyesha* inafungua kikomo. Kitenzi *kufika* nacho kimetaja kigezo cha kupanga, kwani *ya kwanza* bila kigezo haina maana katika jedwali: rekodi hazina foleni mpaka zipangwe.

Jina moja, vitu vingi: mfano wa Songwe

Kichujio kinacholinganisha maneno hakijui jiografia. Sharti *jina lenye neno Songwe* litarudisha mkoa wa Songwe wenye makao makuu yake Vwawa. Wilaya ya Songwe iliyo ndani ya mkoa huo. Mto Songwe unaotenganisha Tanzania na Malawi na kumwaga maji Ziwa Nyasa. Mto mwingine wa jina hilohilo unaoelekea Ziwa Rukwa. Na Uwanja wa Ndege wa Songwe, ambao uko mkoa wa Mbeya. Anayetaka viwanja vya ndege vya mkoa wa Songwe akatumia sharti la jina atapata uwanja usio wa mkoa huo.

Wakati nao unabadili jibu. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Rekodi ya Tunduma ya mwaka 2014 husomeka *mkoa: Mbeya*, na haikukosewa, ndivyo ilivyokuwa. Kichujio *mkoa ni Songwe* kikitumiwa kulinganisha miaka kumi ya takwimu za mpaka kitaonyesha kana kwamba Tunduma haikuwa na lori hata moja kabla ya 2016. Katika hali hii sharti liwekwe juu ya kituo au mji, si juu ya mkoa.

Tahajia nayo ni sehemu ya tatizo hili. Taarifa huingizwa na watu wenye lugha mbalimbali za kwanza, zikiwamo Kinyamwanga, Kinyiha na Kindali. *Lori* huandikwa pia *roli*. *Kongo* huandikwa *Congo*, *DRC* au *JKK*. Kichujio kinachotafuta umbo moja huyaacha mengine. Dawa yake ni orodha ya kuchagua iliyosanifiwa wakati wa kuingiza taarifa, wala si kuongeza vichujio wakati wa kutafuta.

Istilahi zinazopendekezwa

- *kanzidata*, pia *hifadhidata* [i-/zi-]: mkusanyo wa data uliopangwa. Maneno yote mawili hutumika. Lichaguliwe moja kwa kazi nzima. *Kanzi* ni hazina au akiba.
- *jedwali/majedwali* [li-/ya-]: kundi la rekodi za aina moja.
- *safu mlalo* na *safu wima* [i-/zi-]: rekodi moja katika jedwali, na uga mmoja wa rekodi zote. *Safu* peke yake iepukwe, kwa kuwa wasomaji huielewa kwa pande zote mbili.
- *uga/nyuga* [u-/zi-]: nafasi ya taarifa moja katika rekodi.
- *ulizo/maulizo* [li-/ya-]: ombi linalopelekwa kwenye kanzidata. Baadhi ya wafasiri hutumia *hoja*, lakini neno hilo tayari lina maana ya jambo linalotetewa katika mjadala.
- *sharti/masharti* [li-/ya-]: kauli ambayo rekodi huitimiza au hushindwa kuitimiza.
- *kichujio/vichujio* [ki-/vi-]: amri inayotumia sharti moja au zaidi. *Chujio* libaki jikoni.
- *kichujio cha mnyororo*: kichujio kinachoweza kufuatwa na kingine.
- *kikomo/vikomo* [ki-/vi-]: idadi ya juu ya rekodi zitakazoonyeshwa.
- *uga mtupu*: uga ambao thamani yake haijawekwa. Isiandikwe *sifuri*, kwa sababu sifuri ni thamani.

Muhtasari wa matumizi

| Iepukwe | Itumike |
|---|---|
| Malori yaliyochujwa | Malori yanayotimiza masharti |
| Chuja yasiyo na kibali | Onyesha yasiyo na kibali tu. *Au* Ondoa yasiyo na kibali |
| Malori ya Zambia na Kongo | Malori yaliyosajiliwa Zambia au Kongo |
| Malori yasiyokaguliwa | Malori ambayo hayajakaguliwa. *Au* ambayo hayakukaguliwa |
| Malori yote hayajakaguliwa | Hakuna lori lililokaguliwa. *Au* Si malori yote yaliyokaguliwa |
| Malori yenye makontena yaliyokaguliwa | Malori ambayo makontena yake yamekaguliwa |
| Malori kumi ya kwanza yenye shaba | Kati ya malori yenye shaba, kumi yaliyotangulia kufika |

Kwa mwalimu, jedwali hili linaweza kuwa zoezi: mwanafunzi aeleze maana zote mbili za kila kauli ya upande wa kushoto kabla ya kuonyeshwa upande wa kulia. Kwa mfasiri, kila kauli ya kushoto ni alama ya kusimama na kumwuliza mwenye programu swali moja zaidi. Kwa mwanaprogramu, jaribio rahisi ni kuusoma mnyororo wake kwa sauti kama kirai cha Kiswahili, kisha kumwuliza afisa wa mpakani atarajie kuona lori lipi katika orodha hiyo. Akitaja lori ambalo mnyororo hauwezi kulitoa, kosa limepatikana kabla halijafika barabarani.